Jeni Inaponyamaza: Udhibiti wa Epijenetiki wa Jeni za Globini na Namna ya Kuueleza kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyerithi ugonjwa wa selimundu kutoka kwa wazazi wake wawili huzaliwa akiwa mzima machoni pa kila amtazamaye. Hulia, hunyonya na kunenepa kama watoto wengine. Miezi ya kwanza hupita salama. Kisha, mwaka wa kwanza unapofika katikati, mambo hubadilika: vidole vya mikono na miguu huvimba na kuuma, homa huja mara kwa mara, na damu humpungua. Jamaa wanaobaki wakijiuliza ni nani aliyemtupia mtoto jicho la husuda, au ni kitu gani mama alikula alipokuwa akinyonyesha, hawaulizi swali la kipumbavu. Swali lao lina mantiki: ikiwa ugonjwa ulizaliwa na mtoto, mbona haukuonekana siku ya kwanza?

Jibu la swali hilo limo katika tawi la biolojia liitwalo epijenetiki, na hasa katika namna seli changa za damu zinavyoamua ni jeni ipi ya globini isomwe na ipi inyamaze. Makala haya yanadhamiria kutimiza mambo mawili. Kwanza, yanaeleza udhibiti huo kwa lugha ambayo msomaji asiye mwanasayansi anaweza kuifuata. Pili, yanachunguza baadhi ya istilahi na sitiari zinazotumiwa kuueleza kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba uteuzi wa neno moja unaweza kumfungua au kumpotosha msikilizaji. Lugha ambayo haiwezi kumjibu mama aliye na swali kama hilo la hapo juu itakuwa imemwachia mganga wa ramli kazi yake.

2.0 Hemoglobini na Ukoo wa Jeni za Globini

Wekundu wa damu hutokana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni hadi pembe zote za mwili. Seli moja nyekundu ina takribani molekuli milioni 270 za protini hii. Kila molekuli imeundwa kwa minyororo minne ya globini: miwili ya jamii ya alfa na miwili ya jamii ya beta. Katikati ya kila mnyororo hukaa chembe ya madini ya chuma, ambayo ndiyo inayoishika oksijeni.

Maelekezo ya kuitengeneza minyororo hiyo yamehifadhiwa katika jeni. Jeni za jamii ya alfa ziko kwenye kromosomu ya 16, na za jamii ya beta ziko kwenye kromosomu ya 11. Makala haya yanashughulikia zaidi jamii ya beta. Humo mna jeni tano zilizopangwa kwa mstari: epsiloni, gama mbili, delta na beta. La kustaajabisha ni kwamba mpangilio huo unalingana na mpangilio wa umri. Epsiloni iliyo mwanzoni mwa mstari hutumika mwanzoni mwa mimba, gama hufuata, delta na beta zilizo mwishoni hutumika baada ya kuzaliwa.

Ifahamike kwamba kila seli ya mwili yenye kiini ina jeni hizi zote. Seli ya ngozi inazo, ya ubongo inazo, ya ini inazo. Hata hivyo, ngozi haitengenezi hemoglobini. Kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Hapo ndipo mjadala wa epijenetiki unapoanzia.

3.0 Kupokezana Zamu Tangu Mimba Hadi Utoto

Katika majuma ya mwanzo ya mimba, damu ya kiinitete hutengenezwa katika kifuko kinachoambatana nacho, na jeni inayotumika ni epsiloni. Kadiri mimba inavyokua, kazi huhamia kwenye ini la kijusi, na gama huchukua zamu. Minyororo miwili ya gama ikiungana na miwili ya alfa hutoa hemoglobini ya kijusi. Hemoglobini hii huishika oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mama, na kwa sababu hiyo mtoto aliye tumboni huweza kuivuta oksijeni kutoka katika damu ya mama kupitia kondo la nyuma.

Mimba inapokaribia kutimia, uboho wa mifupa huwa umekwisha kuchukua kazi ya kutengeneza damu, na jeni ya beta huanza kusomwa kwa wingi. Wakati wa kuzaliwa, hemoglobini ya kijusi bado ni kati ya asilimia 60 na 80 ya hemoglobini yote. Baadaye hupungua mwezi baada ya mwezi. Kwa mtu mzima, ni chini ya asilimia 1 kwa kawaida. Nafasi yake huchukuliwa na hemoglobini ya watu wazima, yenye alfa na beta, na kiasi kidogo cha asilimia 2 hadi 3 hutokana na delta.

Mageuzi haya hayatokei ndani ya seli iliyokomaa. Seli nyekundu inapokaribia kuingia katika mzunguko wa damu hukitupa nje kiini chake pamoja na jeni zote zilizomo. Kwa takribani siku 120 huishi kwa kutumia hemoglobini iliyokwisha kutengenezwa. Kwa hivyo uamuzi wa jeni ipi isomwe hufanywa mapema, seli ingali changa ndani ya ini au uboho. Maadamu uboho wa mtu mzima hutoa takribani seli milioni mbili kila sekunde, uamuzi huo hurudiwa mara nyingi mno, na kila mara jeni za gama hunyamazishwa upya.

4.0 Jinsi Jeni Inavyonyamazishwa

4.1 Matini na alama zake

Istilahi ya epijenetiki ilibuniwa na Conrad Waddington mwaka 1942. Kiambishi chake cha Kigiriki kina maana ya "juu ya". Kwa matumizi ya leo, dhana hii hurejelea mabadiliko katika matumizi ya jeni yasiyogusa mfuatano wa herufi za DNA zenyewe.

Msomaji wa miswada ya kale ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anaweza kuielewa hali hii kwa urahisi. Herufi moja, be, ikitiwa fataha husomwa "ba". Ikitiwa kasra husomwa "bi". Ikitiwa dhumma husomwa "bu". Ikitiwa sukuni, hakuna irabu inayotamkwa baada yake. Herufi yenyewe haikubadilika. Kilichobadilika ni alama iliyowekwa juu au chini yake, na alama hiyo ndiyo inayomwongoza msomaji. DNA ni kama herufi hizo, na alama za epijenetiki ni kama irabu na sukuni zake. Mfano huu una mipaka, kwani sukuni huinyima irabu herufi moja ilhali alama za epijenetiki huweza kuinyamazisha jeni nzima. Pamoja na hayo, unasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: maandishi na usomaji wa maandishi.

4.2 Metili

Alama ya kwanza ni metili, kikundi kidogo cha atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Hubandikwa juu ya herufi C ya DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Metili zikikaa kwa wingi karibu na mwanzo wa jeni, jeni hiyo kwa kawaida haisomwi. Mwaka 1980 Van der Ploeg na Flavell walionyesha kwamba katika ini la kijusi, eneo la jeni za gama lina metili chache, ilhali katika uboho wa mtu mzima zimejaa. Seli inapojigawa, kimeng'enya maalumu huzinakili alama hizi katika uzi mpya wa DNA, nazo seli za kizazi kinachofuata hurithi ukimya wa mama yao.

Ikiwa metili hunyamazisha, je, kuziondoa kutaifanya jeni iseme tena? Mwaka 1982 DeSimone na wenzake waliwapa nyani waliopungukiwa na damu dawa iitwayo azasitidini, ambayo hukinasa kimeng'enya hicho cha kunakili metili. Hemoglobini ya kijusi ilipanda sana katika damu ya nyani hao. Mwaka huohuo Ley na wenzake walimpa dawa hiyo mgonjwa mwenye thalasemia kali ya beta, naye pia jeni zake za gama ziliamka. Jeni iliyonyamaza tangu utotoni haikuwa imekufa.

4.3 Histoni

DNA ya seli moja ya binadamu ikinyooshwa hufikia urefu wa takribani mita mbili, ilhali kiini inamokaa hakionekani kwa macho. Ili itoshee, huzungushwa juu ya protini ziitwazo histoni, kama uzi unavyozungushwa kwenye vibiringo vingi. Kila kibiringo huzungushiwa takribani jozi 147 za herufi. Uzi ukikazwa, vyombo vya seli vinavyosoma jeni havipati pa kuingilia. Ukilegezwa, jeni husomeka.

Kukaza na kulegeza huku hutegemea alama zinazobandikwa kwenye mikia ya histoni. Asetili hulegeza. Vimeng'enya vinavyoiondoa asetili hukaza. Katika uboho wa mtu mzima, histoni zilizo karibu na beta huwa na asetili nyingi, ilhali zile za gama huwa zimenyang'anywa asetili zao.

4.4 Kitanzi

Kabla ya jeni ya epsiloni, mbali kidogo na jeni zote tano, kuna sehemu ya DNA isiyotengeneza protini yoyote lakini yenye mamlaka makubwa. Sehemu hii, iliyobainishwa katika miaka ya 1980, inaweza kuitwa eneo kuu la udhibiti. DNA hujikunja kama kitanzi hadi eneo hilo likagusana na jeni inayotakiwa, na mgusano huo ndio unaoipa jeni nguvu ya kusomwa kwa wingi. Jeni za gama na beta hushindania mgusano huu. Katika kijusi, kitanzi huifikia gama. Katika mtu mzima, huiruka gama na kuifikia beta. Ni mithili ya ukumbi wenye kipaza sauti kimoja: anayekishika ndiye anayesikika.

4.5 Mnyamazishaji aitwaye BCL11A

Swali lililobaki kwa muda mrefu ni hili: ni nani anayeziamrisha alama hizi zikae kwenye gama na zisikae kwenye beta? Mwaka 2007 uchunguzi wa jeni za watu wengi wenye viwango tofauti vya hemoglobini ya kijusi ulielekeza kidole kwenye jeni iitwayo BCL11A, iliyo kwenye kromosomu ya 2. Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao huko Boston walionyesha kwamba protini ya BCL11A ikipunguzwa katika seli changa za damu za watu wazima, gama hurudi kusomwa. Protini hii hukaa juu ya kianzio cha jeni za gama na kuwaita wenzake, wakiwemo vimeng'enya vinavyoondoa asetili. Hivyo metili, histoni na kitanzi hufanya kazi kama wafanyakazi wa mradi mmoja, na BCL11A ni miongoni mwa wasimamizi wake.

5.0 Selimundu: Herufi Moja na Ukimya Wenye Gharama

Katika Kiswahili, "pata" na "bata" hutofautiana kwa sauti moja tu, lakini maana zake ziko mbalimbali. Katika jeni ya beta, herufi moja ya A ikigeuka T, asidi amino moja ya globini hubadilika, na hemoglobini inayopatikana huungana kwa minyororo migumu pindi inapoachilia oksijeni. Seli nyekundu hupindika kama mundu, hukwama katika mishipa midogo na kupasuka mapema. Hii ni badiliko la maandishi, si la alama. Mtoto huugua akirithi jeni yenye badiliko hilo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Wazazi wanaobeba jeni moja kila mmoja kwa kawaida hawaugui, na katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Kumlaumu mama peke yake ni dhuluma isiyo na msingi wowote katika biolojia.

Kenya ina nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa huu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba wabebaji wa jeni ya selimundu walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji wa jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Jeni hiyo ilienea palipo na mbu kwa sababu iliwaokoa waliobeba moja, ingawa iliwaumiza waliorithi mbili.

Sasa swali la utangulizi linajibika. Mtoto mchanga haonyeshi dalili kwa sababu jeni yake mbovu ya beta haijaanza kusomwa kwa wingi. Damu yake bado imejaa hemoglobini ya kijusi, ambayo haina mnyororo wa beta, na ambayo pia huzuia minyororo ile migumu isiundike. Gama inaponyamazishwa na beta kushika zamu, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York alikwisha kuona kwamba seli za watoto wachanga wenye ugonjwa huu hazipindiki sana, na akahusisha jambo hilo na hemoglobini ya kijusi. Hali kadhalika, wagonjwa wengi wa mashariki ya Saudi Arabia huwa na hemoglobini ya kijusi nyingi hata ukubwani, na ugonjwa wao kwa kawaida huwa mwepesi zaidi.

Uelewa huu umezaa tiba. Azasitidini iliogopwa kwa sababu ya madhara yake, na watafiti wakaigeukia haidroksiurea, ambayo pia huongeza hemoglobini ya kijusi, ingawa kwa njia isiyo ya kuondoa metili moja kwa moja. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa watu wazima wenye selimundu. Utafiti uliofanywa Kilifi nchini Kenya, pamoja na vituo vya Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulihusisha zaidi ya watoto 600. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, nayo yalionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu makali, haja ya kuongezewa damu, malaria na vifo.

Mwishoni mwa mwaka 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Seli tangulizi za damu za mgonjwa hutolewa, na sehemu ndogo ya DNA inayoiimarisha BCL11A ndani ya seli za ukoo wa damu nyekundu hukatwa. Kisha seli hurudishwa mwilini. BCL11A inahitajika ubongoni na katika seli nyeupe za kinga, hivyo sehemu ya jeni yenye maelekezo ya protini haiguswi. Mnyamazishaji huondolewa mahali pamoja tu, na gama husema tena. Bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa familia ya Siaya au Kilifi, bei hiyo ni sawa na kuambiwa kwamba dawa iko mwezini.

6.0 Suala la Istilahi

Maelezo yaliyotangulia yamedhihirisha matatizo matatu ya kiistilahi. La kwanza ni neno "chembe". Baadhi ya maandishi hulitumia kwa maana ya seli, mengine kwa maana ya kipande kidogo cha kitu chochote, na mengine kwa jeni. Mwanafunzi anayesoma kwamba "chembe za damu zina chembe za urithi" ana haki ya kuchanganyikiwa. Yafaa "seli" na "jeni" yatumike kwa maana zake mahususi, na "chembe" liachiwe maana yake ya jumla.

La pili ni kauli "jeni hubadilika". Msemaji akisema kwamba jeni za mtoto hubadilika baada ya miezi sita, msikilizaji atadhani kuna kitu kilichoziharibu, na atamtafuta aliyeziharibu. Kumbe herufi za jeni hazikuguswa tangu mimba ilipotungwa. Kilichobadilika ni zamu. Kwa hivyo "kupokezana zamu" ni kauli iliyo karibu zaidi na ukweli, nayo haimzulii mtu hatia.

La tatu ni sitiari ya "kuzima na kuwasha", ambayo imetokana na umeme. Udhaifu wake ni kwamba taa huwa imezimwa au imewashwa, hakuna la katikati. Gama hupungua polepole kwa miezi mingi, na hata ukubwani husalia kwa kiasi kidogo. Sitiari ya "kunyamaza" inafaa zaidi. Mtu aliyenyamaza hajapoteza ulimi. Anaweza kunong'ona, anaweza kunyamazishwa na mwingine, na anaweza kurejeshewa sauti yake. Haya yote ndiyo yanayotokea kwa gama, na matumaini yote ya tiba yamejengwa juu ya jambo hilo la mwisho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba jeni za globini hupokezana zamu chini ya uongozi wa alama za metili, mkazo wa histoni, vitanzi vya DNA na protini kama BCL11A, bila herufi za jeni kubadilika. Yameonyesha pia kwamba ukimya wa gama ndio unaoufichua ugonjwa wa selimundu, na kwamba kuuvunja ukimya huo ni njia ya kuutibu.

Aidha, kuna funzo la kimatendo. Miezi michache ya usalama baada ya kuzaliwa si ushahidi kwamba mtoto hana ugonjwa. Ni muhula ambao hemoglobini ya kijusi inamkinga. Kipimo cha damu huweza kuutambua ugonjwa katika muhula huo, kabla ya kidole cha kwanza kuvimba, na dawa za kuzuia maambukizi pamoja na chanjo zikatolewa mapema. Mzazi atakubali kumpeleka mtoto asiyeugua akapimwe iwapo tu ameelezwa sababu kwa maneno anayoyaelewa. Kazi ya kuyatafuta maneno hayo ni ya daktari, na ni ya mwanafunzi wa Kiswahili vilevile.